Mtoto Aliyeitikia Dripu: Ushahidi wa Kitafiti katika Chumba cha Dharura

Ndugu mgeni rasmi, mganga mfawidhi wa hospitali, wauguzi wafawidhi, madaktari wenzangu, matabibu, madaktari tarajali, nanyi nyote mliotoka zamu ya usiku na badala ya kwenda kulala mkaja kukaa kwenye viti hivi vigumu: itifaki imezingatiwa, nami nawashukuru. Nimeombwa niseme namna matokeo ya utafiti yanavyopaswa kuongoza maamuzi yetu pale mgonjwa mahututi anaposhushwa mlangoni. Wenzangu walionitangulia wameeleza vizuri jinsi ya kusoma makala ya kitafiti, kwa hiyo sitarudi huko. Nitakaa zaidi kwenye utafiti mmoja uliofanyika hapahapa kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa naamini anayeuelewa huo barabara ameshaelewa sehemu kubwa ya somo lenyewe.

Nianze na usiku mmoja wa miaka kabla ya 2011, nilipokuwa daktari tarajali katika hospitali moja ya wilaya. Aliletwa mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, amebebwa mgongoni na mama yake, ana homa ya siku tatu, amelegea, anapumua kwa shida, na miguu imepoa mpaka magotini. Nilibonyeza ukucha wake nikahesabu. Rangi ilichukua zaidi ya sekunde nne kurudi. Tulikuwa tumefundishwa la kufanya katika hali hiyo, nami nililifanya kwa haraka na, nikiri, kwa fahari kidogo. Tulipata mshipa, tukafungua dripu ya maji ya chumvi, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, muuguzi akiukamua mfuko kwa mikono miwili ili maji yaingie upesi. Baada ya saa moja miguu ilikuwa imepata joto, mapigo yamejaa kwenye kifundo cha mkono, na mtoto alikuwa amefungua macho akimtafuta mama yake. Nikamwambia mama, "Ameitikia dripu," na ndivyo nilivyoandika kwenye faili. Kabla ya alfajiri mtoto yule alifariki, moyo wake ukisimama tukiwa tunamtazama.

Kwa miaka kadhaa nililichukulia tukio lile kuwa ni habari ya ugonjwa mkali uliotushinda. Maji yalisaidia, ndivyo nilivyojieleza, ila malaria ilikuwa na nguvu kuliko sisi. Sikuwa na sababu ya kufikiri vingine, maana nafuu yake niliiona kwa macho yangu mawili.

Katika kipindi hichohicho, kwenye hospitali sita za nchi tatu, watafiti walikuwa wanauliza swali ambalo wengi wetu tungeliona la ajabu, kama si la ukatili: je, mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu ananufaika kweli akipewa maji mengi kwa mkupuo? Hospitali hizo zilikuwa Kilifi kwa upande wa Kenya, Teule ya Muheza kwa upande wa Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Utafiti ulipewa jina la FEAST, ukaongozwa na Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, na ulianza kupokea watoto mapema mwaka 2009. Watoto waligawanywa katika makundi matatu. Wa kwanza walipewa mkupuo wa maji ya chumvi, wa pili mkupuo wa albumini, yaani maji yenye protini itokayo kwenye damu, na wa tatu hawakupewa mkupuo wowote, bali maji ya kawaida ya kumtunza mtoto asiyeweza kunywa. Tiba nyingine zilikuwa sawa kwa wote: dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni, sukari iliposhuka, na damu kwa waliopungukiwa sana. Nani aende kundi lipi iliamuliwa na bahati nasibu, si na daktari, na hapo ndipo penye uzito wote wa utafiti wa namna hii. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, atampa maji yule anayemwona yuko hoi zaidi, kisha vifo vikiwa vingi upande huo hatutajua kama ni maji au ni huko kuwa hoi.

Ilikusudiwa kuwafikia watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa na kazi ya kuzichungulia takwimu wakati utafiti unaendelea ilishauri upokeaji wa watoto usimamishwe, wakiwa wamefika 3,141. Wengi walidhani umesimamishwa kwa sababu faida ya maji imeonekana wazi mno kiasi kwamba kuwanyima kundi la tatu ni dhambi. Ilikuwa kinyume chake. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walifariki watoto 111 kati ya 1,050. Katika kundi la maji ya chumvi 110 kati ya 1,047. Na katika kundi lisilopewa mkupuo 76 kati ya 1,044. Kwa mia moja, ni kama 10.6, 10.5 na 7.3. Tofauti hiyo haikuwa imefutika hata zilipopita wiki nne.

Naomba tuzitazame namba hizo kwa jicho la mtu wa zamu. Chukueni tabibu wa hospitali ya wilaya anayepokea watoto 30 wa namna hii kwa mwaka mzima. Akiwapa wote maji ya mkupuo atapoteza watatu hivi. Asipowapa atapoteza wawili hivi. Mwaka mmoja una msimu mbaya wa malaria, mwaka mwingine benki ya damu imekauka kwa wiki mbili, na huyo mtoto mmoja wa ziada anamezwa humo asionekane kamwe. Tabibu huyu anaweza kufanya kazi miaka 20, awe na mkono mwepesi wa kutafuta mishipa, awe anaheshimiwa na mji mzima, na katika miaka hiyo 20 apoteze watoto 20 ambao wangeishi, bila siku moja kushuku. Simtaji kwa kumdharau. Mtu huyo nilikuwa mimi, na walionifundisha walikuwa watu wema.

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi lilichapishwa baadaye, mwaka 2013, watafiti walipochambua vifo vile kimoja kimoja. Walikuta kwamba saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za mshtuko, yaani ile hali ya damu kutozunguka vya kutosha mwilini, zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa mkupuo, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopewa. Yaani tulichokuwa tunakiona kitandani kilikuwa kweli: miguu ilipata joto, mapigo yalijaa, mtoto aliitikia. Hata hivyo vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa mkupuo, na vilizidi hata miongoni mwa hao walioitikia. Tena wengi wa hao wa ziada hawakufa kwa mapafu kujaa maji, jambo ambalo sote tulikuwa tumefundishwa kuliogopa na kulisikiliza kwa stetoskopu, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kuporomoka saa kadhaa baadaye.

Sasa mtaniuliza kama yule mtoto wangu aliuawa na dripu. Jibu ni kwamba habari za mtoto mmoja haziwezi kulijibu swali hilo kwa upande wowote. Katika kundi lisilopewa maji walikufa pia, na katika makundi ya maji karibu 90 katika kila mia walikuwa hai baada ya siku mbili. Kutoka kitandani pake pekee sikuwa na haki ya kuandika kwamba maji yalisaidia, na leo sina haki ya kuandika kwamba yaliua. Ninachoweza kusema ni kwamba watoto wa namna yake, wakihesabiwa kwa maelfu, hufa zaidi wakipewa mkupuo, na kwamba jicho langu la saa moja lilikuwa shahidi anayesema kweli juu ya jambo lisilo swali letu.

Utafiti ule ulipotoka, maneno yalikuwa mengi. Waliokuwa Ulaya na Marekani walisema wale ni watoto wa malaria na wa upungufu wa damu, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia, kwa hiyo haiwahusu sana. Wana haki ya kusema hivyo kuhusu watoto wao. Lakini nilishangaa kumsikia daktari wa huku kwetu akilirudia neno hilohilo, ilhali watoto wa malaria na wa upungufu wa damu, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia, ndio hasa watoto aliowaacha wodini asubuhi ile. Wengine walisema vigezo vya mshtuko vilikuwa vipana mno, wakataka kuona wale wenye dalili zote kali kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Walikuwa 65 tu katika utafiti mzima. Kati ya 50 waliopewa mkupuo walifariki 24, na kati ya 15 wasiopewa walifariki watatu. Hesabu ndogo kama hiyo siwezi kuijengea nyumba, lakini hakika haiwapi nguvu waliokuwa wanaitegemea.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na nimelikuta mwenyewe. Miaka michache baada ya hapo nilimkuta kijana mmoja hodari, aliyesoma muhtasari na kuishia hapo, amesita kumpa maji mtoto aliyekuwa anaharisha tangu juzi, macho yametumbukia ndani, ngozi ukiibana inabaki imesimama. "Daktari," aliniambia, "si tumeambiwa maji ya haraka yanaua?" Watoto wanaoharisha hawakuingizwa kabisa katika utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kupata ajali. Anayeharisha amepoteza maji ambayo yanaonekana sakafuni, na kumnyima ni kumuua. Ndiyo maana kila utafiti mnaoletewa nawaomba mtafute kwanza, kabla ya matokeo, ile aya inayochosha inayosema ni nani aliingizwa na ni nani aliachwa, kisha mmtazame mgonjwa aliye mbele yenu mjiulize kama angepita mlango ule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliorekebishwa mwaka 2016 umejaribu kuyabeba haya yote mawili. Mtoto asiyekuwa na kuharisha wala utapiamlo, akiwa na dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu, hapewi mkupuo. Mwenye zote tatu, yaani mikono na miguu ya baridi, ukucha unaochukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi, na mapigo dhaifu yaendayo mbio, anapewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo, taratibu, kwa dakika 30 hadi 60, huku mtu akimwangalia. Angalieni pia mwaka: utafiti 2011, mwongozo 2016. Kati hapo ilikuwa miaka mitano.

Kwa watu wazima habari yake inafanana, ila njia ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 2001 hospitali moja mjini Detroit, Marekani, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 263 wenye maambukizi makali yaliyoenea mwilini. Waliotibiwa kwa utaratibu mkali wa maji, dawa za kupandisha shinikizo la damu na vipimo vya kila wakati walifariki asilimia 30.5, na waliotibiwa kwa njia ya kawaida asilimia 46.5. Utaratibu ule ulienea duniani kote. Mwaka 2014 na 2015 zilitoka tafiti tatu kubwa, za Marekani, za Australia na washirika wake, na za Uingereza, na hakuna hata moja iliyoona tofauti ya vifo. Kisha mwaka 2017 ukatoka wa Lusaka, katika hospitali kuu ya mafunzo ya Zambia, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo lililoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi mapema kwa utaratibu maalumu walifariki asilimia 48.1, na waliopewa tiba ya kawaida asilimia 33.0. Utaratibu uliosifiwa Detroit, ulipofika Lusaka kwa sura iliyorahisishwa, katika wodi ambayo muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi na kitanda cha uangalizi maalumu hakipatikani, ulionekana kudhuru. Kwa hiyo ninaposema tufuate ushahidi, sisemi tufuate ushahidi wa kila mahali kana kwamba hospitali zote ni moja.

Nisije nikaonekana mtu wa kukataza tu, niseme juu ya dawa ambayo nawasihi muitoe, tena mapema. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia kupunguza kuvuja damu, ilipimwa kwa majeruhi 20,211 katika nchi 40, na matokeo yakatoka mwaka 2010: waliopewa walifariki asilimia 14.5, waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake asilimia 16.0. Ni dawa isiyohitaji mashine yoyote, na inamfaa yule kijana wa bodaboda anayevuja damu. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ulionyesha jambo ambalo bila hesabu hakuna ambaye angelifikiria. Dawa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuumia inaokoa, na zaidi ndani ya saa ya kwanza. Ikitolewa baada ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu vinaongezeka. Dawa ileile, dozi ileile, mgonjwa yuleyule.

Hapa naomba kuchepuka kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu hasa sisi Waswahili. Ili kuitoa dawa hiyo kwa usalama ni lazima ujue aliumia saa ngapi, na wiki iliyopita nilipekua fomu 40 za majeruhi katika chumba chetu. Nilikuta "saa 2", "saa 8", "saa 3 usiku", na nyingine "03:00" bila maelezo. Aliyeandika "saa 2" aliandika saa mbili ya mwenye bodaboda, ambayo ni asubuhi jua likiwa limechomoza, au aliandika saa ya simu yake, ambayo kwetu ni saa nane? Kati ya hizo mbili kuna saa sita, na sisi tunazungumzia mpaka wa saa tatu. Utafiti wa watu 20,000 unaweza kuangushwa na tarakimu moja kwenye fomu. Nimependekeza tuandike kwa mtindo wa saa 24, na pembeni tuandike maneno "asubuhi", "mchana" au "usiku", hata kama itaonekana kama tunajirudia.

Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe mwilini, kwa jeraha la kichwa nitazipita kwa sentensi moja, kwa kuwa hakuna anayebisha tena: zilitumika kwa miongo kadhaa kwa hoja nzuri za kifiziolojia, mpaka mwaka 2004 zilipopimwa kwa wagonjwa 10,008 na ikaonekana waliopewa walifariki asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, na wasiopewa asilimia 17.9.

Najua linalosemwa kwenye korido baada ya hotuba kama hii, kwamba wazee wa kazi wanatukanwa na vijana wa kompyuta. Sikubaliani nalo. Muuguzi mwenye miaka 25 ya kazi akisimama mlangoni na kusema "huyu mtoto simpendi alivyo", mimi huacha kalamu na kuinuka, na hakuna makala itakayoniinua upesi vile. Uzoefu ndio unaomtambua mgonjwa, unaojua kama huku ni kuharisha au ni homa, unaojua kwamba mtungi wa oksijeni unaosema nusu una robo tu. Usichoweza uzoefu ni kutofautisha vifo saba na kumi katika mia, kwa sababu mia hao hatuwaoni kwa pamoja. Tunawaona mmoja mmoja, kwa miaka, huku tumechoka. Kazi hizo ni mbili, na hakuna hata moja inayochukua nafasi ya nyingine. Wala sihesabu kama ushahidi ile karatasi ya rangi inayoachwa mezani na mwakilishi wa kampuni ya dawa pamoja na kalamu.

Mtasema pia hakuna muda, na ni kweli. Mtoto akiwa kitandani haisomwi makala. Uamuzi wa chumba cha dharura unapaswa kuwa umefanywa wiki mbili kabla, mezani, watu wakiwa wameketi, daktari, tabibu, muuguzi na mfamasia, wakakubaliana: mgonjwa wa aina hii akija tutafanya hivi, kwa sababu hii, mpaka tutakapopata sababu nyingine. Tangu Muhimbili ifungue idara yake ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, tumeanza kupata mabingwa wa fani hii waliosomea hapa nchini, na wengi wao hawatakataa wakipigiwa simu na hospitali ya wilaya inayoandaa kikao cha aina hiyo. Kikao chetu ni kila Alhamisi saa nane mchana, yaani saa 14:00, mmeona.

Jambo la mwisho ni dogo. Asubuhi hii, kabla hamjafika, nilipita chumba cha dharura. Juu ya kitanda cha tatu imebandikwa chati ya tiba ya mshtuko kwa watoto, imefifia kwa jua la dirishani, haina mwaka, na inasema mililita 20 kwa kilo, haraka, kwa kila mtoto. Nimeongea na muuguzi mfawidhi na amekubali tuibandue baada ya chai. Nimeandika nyingine kwa mkono, maana printa ya utawala haina wino tangu Jumatatu. Mstari wa kwanza unauliza kama mtoto anaharisha, wa pili unauliza kama ana utapiamlo, kipimo cha maji kinakuja baada ya hapo, na chini kabisa nimeandika tarehe na kuacha nafasi ya atakayeisahihisha.

Asanteni kwa kunisikiliza.